Natengeneza aplikesheni ya kuombea vyuo vya nje. Ikosoeni kabla sijaiachia

Fundi wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Riziki yangu ni programu za simu: daftari la madeni ya duka, hesabu za vikoba, mambo ya namna hiyo. Mwaka juzi mpwa wangu alimaliza kidato cha sita, PCM, Division One ya pointi 4, akanifuata: "Mjomba, nataka kuomba chuo Marekani, nisaidie fomu." Nikajua ni kazi ya Jumamosi mbili. Ikawa miezi mitano, na ufadhili alioutamani kuliko wote ukatupita hivihivi kwa sababu ya tarehe.

Tovuti ya chuo kile ilikuwa imeandika 11/01. Mimi na yeye, watu wawili tuliokwenda shule, tukaisoma tarehe 11 mwezi wa kwanza. Tukatulia. Novemba 20 tumekaa barazani kwa dada, chai na mihogo, tunasifiana jinsi tulivyojiandaa mapema, ndipo mpwa akafungua ukurasa mwingine wa chuo hichohicho ulioandika mwezi kwa jina lake: Novemba. Wamarekani hutanguliza mwezi. Maombi ya kawaida yalikuwa bado wazi hadi Januari, lakini ule ufadhili kamili walikuwa wanafikiriwa walioomba mapema tu. Dada hakusema neno. Alikusanya vikombe akaingia ndani.

Mpwa sasa yuko UDSM anasoma uhandisi, na ndiye anayenijaribia kila toleo. Aplikesheni yenyewe haina jina bado. Kwenye kompyuta yangu faili linaitwa "mpwa".

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, na hii sibishani na mtu: hakuna tarehe ya namba tupu popote. Mwezi unaandikwa kwa jina. Saa nazo zilinitoa jasho. Common App, ule mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, inahesabu mwisho kuwa dakika moja kabla ya usiku wa manane kwa saa za pale alipo mwombaji, lakini vipo vyuo vyenye fomu zao vinavyohesabu kwa saa za kwao, na wakati wa baridi Dar inaitangulia New York kwa saa 8. Hapo bado hujagusa Kiswahili. Kompyuta ilinitafsiria 11:59 PM kuwa "saa 11:59 jioni". Kwa Mswahili hiyo ni dakika moja kabla ya saa kumi na mbili, jua linazama. Ilitakiwa saa 5:59 usiku. Huyo aliyewahi hapotezi kitu, sawa. Sasa fikiria mahojiano ya mtandaoni yaliyopangwa 3:00 AM kwa saa zetu, programu ikaandika "saa 3:00 asubuhi". Mtoto anakunywa chai, anavaa shati lililopigwa pasi, anakaa mbele ya kamera saa tatu kamili. Mahojiano yalikuwa saa tisa usiku.

Toleo la kwanza nilitengeneza kama kila mtu anavyotengeneza: orodha ndefu ya vyuo, picha za majengo yenye nyasi, kisanduku cha kutafutia. Common App peke yake ina vyuo zaidi ya 1,000, nikaona nikivimwaga vyote humo nimemaliza. Nikampa binti mmoja wa Tandika simu, nikakaa pembeni kimya. Akasogeza kidole, akasogeza, dakika nne nzima. Halafu: "Kaka, hapa nitaweza kulipa kipi?" Jibu halikuwepo popote ndani ya programu nzima.

Sasa skrini ya kwanza inauliza swali moja tu: nyumbani mnaweza kutoa shilingi ngapi kwa mwaka? Sifuri nayo ni jibu. Ukishajibu, orodha inapukutika kama maembe ya Desemba. Vyuo binafsi vingi vya Marekani vimeshapita dola 80,000 kwa mwaka ukijumlisha ada, malazi na chakula. FAFSA, fomu ya msaada wa serikali ya Marekani inayotajwa kwenye kila video, haimhusu mtoto wa Tandika, ni ya raia wa kule na wachache wenye hadhi maalumu ya ukaazi. Wetu atakutana na CSS Profile, fomu ya msaada wa pesa inayotumiwa na vyuo vingi binafsi, au fomu ya chuo chenyewe. Na vyuo vinavyompima mgeni bila kuangalia mfuko wa kwao ni vya kuhesabu: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni wa siku nyingi, Dartmouth na Bowdoin wakaingia 2022, Brown wakaanza na walioingia 2025, na wengine wachache. Kwingine kote, ukiomba msaada mkubwa, ombi lako la pesa linapanda kwenye mzani pamoja na alama zako. Hilo nalisema wazi, kwa Kiswahili, kabla mtoto hajaipenda picha ya maktaba.

CSS Profile inataka mapato ya mzazi ya mwaka. Nilikaa na mama mmoja anayeuza samaki Feri tukijaza. "Mwaka? Mwanangu, mimi najua ya leo." Leo elfu arobaini, kesho hasara, mfungo wa Ramadhani biashara nyingine kabisa. Hapo ujuzi wa vikoba ukanifaa. Programu inamuuliza siku nzuri anapata ngapi, siku mbaya ngapi, wiki ina siku mbaya ngapi, miezi ipi haendi sokoni, kisha inapiga hesabu na kumwonyesha alivyofika kwenye jumla ili aikubali au aikatae. Mama akaangalia ile jumla ya mwaka akacheka. "Hizi hela zote zimepita mikononi mwangu?"

Alama: kwetu pointi 3 ndiyo kilele. A tatu. Programu yangu, kwa akili yake ya kizungu, ikajua namba kubwa ndiyo bora, ikampanga wa Division Three pointi 17 juu ya wote na mpwa wangu chini kabisa. Nimerekebisha. Nilikuwa pia nimeweka kikokotoo cha kugeuza alama za NECTA kuwa GPA, wastani wa alama wa Kimarekani. Nimekitoa. Vyuo vingi vinataka alama kama zilivyo kwenye cheti na wana watu wao wa kuzisoma. Mtoto akijigeuzia mwenyewe anajitafutia maswali.

Inafanya kazi bila bando, ukishapakua mara moja. Ina MB 9. Simu yoyote ya itel mtaani itaibeba.

Nataka mnikosoe. Pongezi wekeni akiba.

---

Kahawa Chungu

Naweka kambi hapa. Mkeka, chapati, maji ya kunywa.

---

Mwalimu wa Zamu

Fundi, umeandika vizuri ila umemsahau mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Nafundisha Fizikia shule ya serikali kanda ya Ziwa. Miaka mitatu iliyopita mwanafunzi wangu aliniandika kama mwalimu wa kumpendekeza. Hakuniambia, aliona aibu kunisumbua. Kiungo kikatumwa kwenye barua pepe niliyoifungua 2011 kwenye intaneti kafe, na nywila yake anaijua Mungu. Siku anakuja kwangu na machozi zilibaki siku mbili. Nikaazima kompyuta ya mkuu, tukahangaika mpaka ikafunguka.

Ndani nikakuta jedwali. Mlinganishe mwanafunzi huyu na wenzake: chini ya wastani, wastani, mzuri, mzuri sana, bora, asilimia 5 ya juu, hadi wale wachache mno uliokutana nao maisha yako yote ya ualimu. Mimi nimelelewa kwamba mtoto ukimsifu mbele za watu unamharibu. Nikamweka "mzuri", vipengele karibu vyote. Moyoni nilijua nimempa sifa kubwa. Yule kijana ndiye pekee aliyewahi kunisahihisha ubaoni nikakubali. Mwaka uliofuata nikahudhuria semina, mtoa mada akasema msomaji wa kule akiona "mzuri" anasoma kwamba mwalimu hakuwa na la kusema.

Nimekuwa nikilifikiria jedwali lile nikiwa kwenye foleni benki.

---

Fundi wa Tabata

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara tatu.

Ni kweli, nilikuwa nimemweka mwalimu kama kisanduku cha kutiki: "Barua ya mwalimu, imetumwa, haijatumwa." Nafikiria hivi, uniambie kama ni upuuzi: mwanafunzi akimchagua mwalimu, programu inatengeneza ujumbe wa WhatsApp wa heshima, kwa Kiswahili, wenye salamu, siku ya mwisho kwa jina la mwezi, na kurasa mbili za kusoma: ile fomu ina maswali gani, na kila ngazi ya jedwali msomaji wa kule anaielewaje. Barua anaandika mwalimu mwenyewe, mimi siiwekei hata sentensi moja ya mfano. Na kabla ya kuandika anwani yake kwenye Common App, mwanafunzi anapewa kazi: mtumie mwalimu barua pepe ya majaribio, asubiri ajibu. Asipojibu, anwani hiyo imekufa.

---

Mwalimu wa Zamu

Marahaba. Hilo la barua ya majaribio peke yake lingeniokoa. Ongeza na la mkuu wa shule. Common App inamtaka mshauri wa shule ajaze ripoti ya shule na aeleze shule ilivyo. Sisi mshauri hatuna, anaishia kujaza mwalimu wa taaluma ambaye ana madarasa sita na kisukari. Mwandalie karatasi moja ya maelezo ya shule ajaze mara moja, itumike kwa kila mwanafunzi anayekuja baadaye: darasa lina watoto wangapi, maabara ipo au haipo, alama zetu zinasomwaje, kwamba pointi chache ndiyo sifa. Hiyo ya pointi iandike kwa herufi kubwa.

---

Mzee wa Kongo Street

Mimi naangalia pesa tu, samahani. Hii utakula nini? Maana nawajua mawakala wa vyuo. Kijana wangu tulilipa wakala mmoja mjini hapa milioni moja na nusu, akampeleka chuo ambacho sijawahi kusikia popote kikitajwa isipokuwa mdomoni mwake. Baadaye tukasikia chuo nacho kilimlipa.

---

Fundi wa Tabata

Mzee, hapo ndipo nilipokesha. Vyuo vingi vya Uingereza, Kanada na Australia vinalipa kamisheni kwa wakala kwa kila mwanafunzi anayefika. Marekani sheria inavikataza vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kulipa kwa kila kichwa cha mwanafunzi wa ndani, lakini wanafunzi wa nje wameachwa nje ya katazo hilo. Kwa hiyo mlango uko wazi, na nimeshapigiwa simu na watu wanaotaka "ushirikiano".

Nikichukua hiyo hela, orodha yangu itajipanga kwa anayelipa. Mtoto aliyejibu sifuri kwenye skrini ya kwanza hatakuwa na faida kwa mtu yeyote, atazama chini. Nimekataa. Nitakula nini, sijui bado. Nafikiria shule binafsi zilipie toleo la walimu na mtoto asilipe. Vikoba bado vinanilisha.

---

Nipo Minnesota

Mkuu sitaki kukukatisha tamaa ila mtu akuambie. Unajenga daraja na mto umehama.

Juni 2025 Marekani iliwaweka Burundi kwenye vikwazo vya sehemu vya kuingia nchini kwao, visa za wanafunzi na za programu za kubadilishana zikiwemo: F, M na J. Desemba 2025 tangazo jingine likaiongeza Tanzania kwenye kundi hilo, kuanzia Januari 1, 2026. Nina binamu Bujumbura mwenye barua ya kukubaliwa, I-20 mkononi (fomu ya chuo ya kuombea visa), ameshalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, ambazo hazirudi. Alikuwa anajiandaa kulipa 185 za visa. Barua ameibandika ukutani.

Na hata kabla ya hapo, kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji kilikuwa kinawarudisha wengi dirishani: hujamthibitishia afisa kwamba utarudi kwenu. Programu yako inasemaje kwa huyu?

---

Fundi wa Tabata

Mkuu wa Minnesota, mto umehama kweli. Ile wiki ya tangazo nilifunga kompyuta siku nne. Mke wangu akadhani nimeibiwa.

Nilichofanya baada ya hapo ni kuigeuza orodha ianze na nchi na siyo chuo, na kila nchi ina ukurasa wa visa wenye tarehe ya mwisho nilipouhakiki, juu kabisa, kwa wino mwekundu. Zikipita siku 30 sijauhakiki, ukurasa unajifunga na kumwelekeza mtu kwenye tovuti rasmi ya ubalozi. Bora aone nimelala kuliko aone uongo wa mwezi uliopita. Kwa Mtanzania, ukurasa wa Marekani sasa unaanza na hilo tangazo, kabla ya kitu kingine chochote.

Lakini sikuufuta. Kwanza watu wetu wana uraia na makazi tofauti, wapo Waswahili wa Mombasa, wapo waliozaliwa Muscat. Pili kazi ya Common App haipotei yote. NYU Abu Dhabi inaombwa kupitia Common App hiyohiyo, insha ileile ya maneno 650, na visa yake ni ya Emirati.

Kwingine kuna vizingiti vya aina nyingine. Ujerumani vyuo vingi vya umma havina ada, watu wanashangilia hapo, kisha ubalozi unakuuliza euro 11,904 za kuishi mwaka mmoja ziwe kwenye akaunti iliyofungwa. Kanada walikuwa wanataka uonyeshe dola 10,000 za kwao kwa miaka mingi, Januari 2024 zikawa 20,635, Septemba 2025 zikawa 22,895, bila kuhesabu ada. Uturuki ufadhili wa serikali, Türkiye Bursları, kuomba ni bure na dirisha huwa Januari 10 hadi Februari 20, ndiyo maana watoto wengi wa huku wanaishia kujua Kituruki. Uingereza UCAS, mfumo wao wa pamoja wa maombi, inakupa machaguo 5 tu, na Oxford na Cambridge wanafunga Oktoba 15 wakati wengine bado wanafikiria.

Swali la shilingi ngapi nyumbani linabaki skrini ya kwanza. Ndilo pekee ambalo halijabadilika tangu nililiweka.

---

Mwana Bukavu

Salamu kutoka Bukavu. Huku kwetu diploma ya serikali inaandika asilimia. Asilimia 50 umefaulu, 65 mtaa mzima unajua jina lako, mzazi anachinja. Nilijaza fomu moja ya nje, ikaniuliza alama, nikaandika 65 kwa furaha. Mashine ikanijibu palepale kwamba sifikii kiwango. Fundi ulifanya vizuri kutoa kile kikokotoo. Ila weka Kifaransa kwenye vyeti, sisi tunavyo vya Kifaransa na tafsiri yenye muhuri ni pesa.

---

Fundi wa Tabata

Asante ndugu. Kifaransa nimekiandika kwenye orodha. Sikuwa nimefikiria gharama ya tafsiri kabisa, itaingia kwenye hesabu ya jumla. Kwa sasa hesabu hiyo ina ada za maombi, mtihani wa Kiingereza, na pasipoti ya 150,000 ambayo kila mtu anaisahau mpaka wiki ya mwisho.

---

Binti wa Genge

Samahani wakubwa, mimi ndiye yule wa Tandika. Simu nilirudisha salama 😂

Kuna sehemu moja nilikwama na sikumwambia kaka Fundi. Ile ya shughuli za nje ya darasa. Nafasi 10. Niliona mifano kwenye mtandao: rais wa klabu ya roboti, piano miaka minane, ameanzisha taasisi. Mimi nikaacha wazi zote kumi nikafunga.

---

Fundi wa Tabata

Kumbe! Mimi nilidhani ni hitilafu ya programu, nikatafuta kosa kwenye msimbo usiku kucha.

Hebu tufanye hapahapa kama hutojali. Jana uliamka saa ngapi, ukafanya nini mpaka unalala?

---

Binti wa Genge

Saa kumi na moja. Nikachota maji, nikawaandaa wadogo zangu wawili, nikawavusha barabara ya mabasi mpaka shule. Nikafungua genge la bibi. Bibi macho hayaoni vizuri kwa hiyo hesabu nafanya mimi, kwenye daftari, nani amekopa nini. Alasiri mdogo wangu akirudi namfundisha na watoto wa jirani wanakuja, kama saba hivi. Jioni nikafunga. Ijumaa naenda kaswida.

---

Fundi wa Tabata

Sasa soma tena ulichoandika.

Common App ina aina ya shughuli inayoitwa majukumu ya familia. Ina na kazi ya kulipwa. Zimewekwa makusudi. Wewe una nne hapo: unalea wadogo zako, unaendesha genge na hesabu zake, unafundisha watoto saba bila malipo, na kaswida. Kila moja inapewa herufi 150 tu, nafasi zikihesabiwa, kwa hiyo namba zinabeba mzigo: wateja wangapi kwenye daftari, saa ngapi kwa wiki, tangu mwaka gani.

Naifuta ile skrini. Badala ya "Taja shughuli zako" itauliza nilichokuuliza: jana uliamka saa ngapi.

---

Mwalimu wa Zamu

Binti, wewe ungekuwa mwanafunzi wangu ningekuweka ile ngazi ya mwisho ya jedwali. Nimeshajifunza.

---

Kahawa Chungu

Chapati zimeisha ila sitoki. Kwani ChatGPT haiwezi kuandika hizo insha? Mbona mnateseka.

---

Fundi wa Tabata

Inaweza, mkuu, na inaandika kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. Nilijaribu kuiweka. Nikampa mpwa na rafiki zake wanne, insha zote tano zikatoka na bibi mwenye busara, machweo ya jua Afrika, na somo la uvumilivu. Mpwa hajawahi kuwa na bibi aliyemjua. Nimeitoa. Kilichobaki ni kinasa sauti: mtoto anasimulia kwa Kiswahili, anajisikiliza, kisha anaandika Kiingereza mwenyewe. Kosa la sarufi halijanikosesha usingizi.

---

Steshenari ya Kona

Mimi nina steshenari na kompyuta nne karibu na chuo kimoja. Naomba niwaambie kinachotokea baada ya aplikesheni nzuri ya fundi.

Mtoto ana simu. SAT, ule mtihani wa kujiunga na vyuo vya Marekani, siku hizi ni ya kidijitali, inafanyiwa kwenye programu ya Bluebook, na simu haikubali, wanataka kompyuta au tableti. Mtihani wa Kiingereza wa Duolingo nao unataka kompyuta. Fomu za vyuo vingine kwenye simu hazionyeshi kitufe cha kuendelea. Wote wanakuja kwangu. Anakuja leo kuskani cheti, kesho pasipoti, keshokutwa picha, kila siku nauli na buku langu. Na yule wa Duolingo alikuja umeme ukakatika dakika ya 40, jenereta yangu inachukua muda kuwaka, basi.

Halafu la pili, nalisema kwa aibu. Jana nimefungua lile kabrasha la vipakuliwa kwenye kompyuta namba tatu. Pasipoti za mtaa mzima zimo. Vyeti vya kuzaliwa, taarifa za benki za wazazi. Wanaskani, wanatuma, wanaondoka.

---

Wakili wa Mtaa

Na hapo ndipo nilipokuwa nangojea kuingilia. Fundi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na tume ipo. Ukikusanya pasipoti na mapato ya wazazi wewe ni mkusanyaji, unatakiwa ujisajili, na miongoni mwa watumiaji wako wapo ambao hawajafika miaka 18. Idhini anatoa nani, mtoto au mzazi? Zinakaa wapi? Seva ya nani, nchi gani?

---

Fundi wa Tabata

Steshenari, umenipa kitu kikubwa kuliko unavyojua. Kuna skrini mpya imeshaanza kunijia kichwani: "Siku ya kompyuta." Programu inakusanya kila kazi isiyowezekana kwenye simu, inazipanga siku moja au mbili kwa mwezi, mtoto anakuja kwako mara moja na orodha kamili. Kazi ya mwisho kwenye orodha hiyo, haifungi mpaka aitiki: futa mafaili yako kwenye kompyuta ya dukani, kisha futa na kwenye kapu la taka. Na mtihani wenye muda namuuliza kwanza: hapo unapofanyia, umeme ukikatika kuna nini?

Wakili, picha zote zinakaa kwenye simu ya mtoto, zimefungwa kwa namba ya siri. Kwangu hakiji kitu. Mzazi anaweka idhini kwa simu yake mwenyewe kabla ya ukurasa wa mapato.

---

Wakili wa Mtaa

Na simu ikiibiwa kwenye daladala Januari, wiki ya mwisho? Kila kitu kimekwenda. Ukiweka kwenye seva una mzigo wa sheria, usipoweka mtoto analia. Chagua kilio.

---

Fundi wa Tabata

Sijachagua. Ninachoona kwa sasa ni mtoto aweke nakala mwenyewe kwenye barua pepe yake, na programu imkumbushe kila Ijumaa. Najua udhaifu wake, nusu yao barua pepe wamefunguliwa na kaka zao. Ukiwa na njia nyingine iweke hapa, usiku wowote, nitaiona.

Kwa leo nafungia hapa, macho yamechoka. Mwalimu, nimekutumia ujumbe ndani, ile karatasi ya maelezo ya shule tuiandike wote, wewe useme mimi nichape. Mwana Bukavu, ukiweza nitumie cheti chenye majina yaliyofutwa nione kinavyokaa. Steshenari, nakuja dukani kwako nikae siku nzima nione wanavyohangaika, kompyuta namba tatu tusafishe pamoja.

Binti wa Genge, toleo lenye skrini ya "jana" litakuwa tayari Jumapili. Njoo na daftari la bibi. Saa nne asubuhi, na ninasema saa nne yetu.